Msonobari Ndani ya Friji ya Soda

Fundi Baridi hakuwa mtu wa maua. Hili lieleweke mapema, maana majirani walikuwa wameshaanza kusema kwamba uzee umempanda kichwani, sasa anafuga miti sebuleni. Uzee haukuwa umempanda popote. Alikuwa fundi wa friji na viyoyozi, mwenye kibanda chake mbele ya nyumba, na baada ya mkewe na watoto wake pacha, kitu alichokipenda duniani ni mashine. Mashine ikikataa kufanya kazi, kuna sababu. Unaifungua, unaikuta sababu imekaa pale pale, unaitoa, unafunga, unakwenda kunywa chai. Mti haufunguki. Mti unakununia wiki nzima, unakausha tawi moja, na ukiuuliza una nini, kimya.

Na mti wenyewe si mpera wala mpapai, ambao hata ukiumwagia maji ya kuoshea vyombo unashukuru. Ulikuwa msonobari mweupe wa Kijapani, wa ule ufugaji unaoitwa bonsai: mti mzima, mkubwa kwa umri kuliko fundi mwenyewe, uliopunguzwa kwa mkasi na kupindwa kwa nyaya mwaka baada ya mwaka mpaka ukatosha kukaa kwenye chungu bapa mfano wa sinia. Ukiusimamisha kando ya mkono wako, haufiki kiwikoni. Asili yake ni nchi za baridi kali, kule ambako maji yanaganda nje bila kumwita fundi. Na sasa ulikuwa kwake, katika mji ambao jasho linakutoka ukiwa umekaa tu.

Hakuuomba. Aliletewa na dada yake.

Dada huyu ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, fundi alikuwa bado anatambaa. Dada akaacha shule akamlea, na mdogo wake alipoanza kusoma akaenda kufanya kazi za ndani huko milimani, kwa mhandisi mmoja mgeni aliyekuja kujenga barabara akaishia kuzeekea hapo hapo. Alimpikia, akamfulia, akampigia pasi, na kilichopatikana kikashuka mjini kumlea na kumsomesha mdogo wake. Jioni yule mzee alikuwa anakaa barazani na mti wake na mkasi mdogo, na dada anasimama mlangoni kutazama. Siku moja mzee akampa mkasi. Miaka ikaenda, mikono ya mzee ikaanza kutetemeka, mti ukawa wa dada kuutunza, na mzee alipofunga safari ya kurudi kwao akamwachia moja kwa moja. Dada alikuwa amewahi kupewa sare za kazi, masufuria yaliyochoka na saa ya ukutani isiyotembea. Mti ule ndio ulikuwa kitu cha kwanza maishani mwake alichopewa ambacho hakikuwa cha kazi wala kibovu. Akauita Mgeni.

Huko milimani usiku una baridi ya kweli, na Mgeni aliendelea vizuri. Kisha ugonjwa wa mtoto wa jicho ukamfunga dada macho yote mawili. Binti yake akamchukua akakae naye katika mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, ghorofa ya juu kabisa ya jengo lisilo na hata sehemu ya kuanikia soksi. Mti haungeweza kukaa huko. Ukateremshwa kwa fundi, umepakatwa njia nzima na binti.

"Nikipona macho nitarudi kwangu milimani," dada alimwambia kwenye simu. "Nitapita hapo kumchukua. Wewe nishikie tu. Si ndiwe Fundi Baridi?"

Angesema nini? Mtu aliyekubeba mgongoni, akakufuta makamasi, akakufundisha kufunga kamba za viatu, akikwambia shika, unashika. Fundi alitaka kitu kimoja tu na alikitaka kwa moyo wote: siku dada atakapokuja na macho yake, amkabidhi Mgeni akiwa hai. Baada ya hapo asiuone tena mti wa aina yoyote.

Msimu wa kwanza wa joto nusura uwatoe roho wote wawili. Chungu kilipata moto hata ukikigusa unarudisha mkono. Sindano, maana msonobari hauna majani mapana bali vijiti vyembamba, zilikuwa fupi zimesongamana, sasa zikarefuka, zikalegea, nyingine zikageuka rangi ya chai ya maziwa. Fundi akafanya kile anachofanya akikuta kitu kimepata moto: akaleta barafu. Alivipanga vipande juu ya udongo asubuhi, akaenda kazini akipiga mluzi. Alitegemea shukrani. Alichopata ni mizizi kuoza. Ilibidi auchomoe mti wote, aoshe udongo uliokuwa unanuka, akate mizizi iliyolainika, na kuupanda upya kwenye kokoto laini zinazopitisha maji. Mikono iliyozoea spana ikawa inachambua mizizi kama mtu anayetoa miiba kwenye samaki.

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa hapo hapo sebuleni. Alisimamisha mguu kwenye pedeli akatazama.

"Umeupanda kwenye mawe?"

"Ndivyo unavyotaka."

"Mti unataka mawe?"

"Mama Pacha, mimi sijui unataka nini. Ungekuwa na mdomo ningeukung'uta mpaka useme."

Aliuweka kivulini, ukanyong'onyea. Akauhamishia juani, ukaungua. Akazungushia chungu gunia lililoloweshwa maji, ukakubali kwa siku chache, kisha ukadondosha sindano zote za tawi la kushoto kana kwamba umekumbuka jambo. Fundi alikuwa mtu wa hasira za karibu, na mti ule ulizijua zote. Kuna siku alikuwa anausimamia mikono kiunoni na kuusema kama mtoto mtoro, wateja wakimsikia nje.

Kila Jumapili dada alipiga simu. Hakuanza na watoto wala na wifi yake.

"Mgeni hajambo?"

"Hajambo, dada."

"Sindano zake bado zina ule ubuluu?"

Fundi alikuwa anageuka kuutazama mti. Kijani. Yeye alichokiona ni kijani, na hata siku ulipofika hakuona kingine. Lakini utamwambiaje mtu asiyeona kwamba rangi anayoikumbuka huioni?

"Upo, dada. Ubuluu upo."

"Haya. Mungu akubariki."

Akikata simu anabaki na hasira za kumrushia mtu, na wa kumrushia hayupo.

Ndipo akaanza kusoma. Aliingia kwenye simu yake akatafuta habari za misonobari, nazo nyingi zilikuwa kwa lugha ya kigeni aliyoijua kupitia vitabu vya kompresa za friji tu. Kwa hiyo maneno kama shinikizo, nyuzi joto na mzunguko aliyaelewa barabara, na mengine akayakisia. Hata hivyo jambo moja lilimkaa. Mti huu lazima ulale. Huko kwao, baridi ikiingia, unapunguza kazi zote, unapumzika, kisha joto likirudi unaamka na nguvu mpya. Ukiunyima baridi unafanya kazi mwaka mzima bila likizo mpaka unakufa kwa uchovu.

Fundi aliruka kitini.

"Kumbe ni baridi! Muda wote huu shida ni baridi, na mimi ndiye ninayegawa baridi mji mzima!"

"Punguza sauti," alisema Mama Pacha. "Nimepoteza tundu la sindano."

Kibandani kulikuwa na friji ya soda, yenye mlango wa kioo, ambayo mwenye duka mmoja aliileta kutengenezwa akafunga duka na kuhama. Fundi aliifufua. Akatoa rafu, akapunguza taa, akaisukuma ndani mpaka sebuleni, maana kibandani usiku hapaaminiki. Haikuwa na pa kukaa ila pale ilipokuwa cherehani, kando ya dirisha. Cherehani ikahamia kwenye kona ya giza nyuma ya mlango. Mama Pacha hakusema neno siku ile. Alisema siku zilizofuata, kwa awamu.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu. Thamostati inayokata baridi iling'ang'ania, friji ikapoza bila kikomo, na alfajiri fundi akamkuta Mgeni amevaa barafu nyeupe kuanzia kichwani mpaka miguuni. Fundi wa friji anayeitwa na mahoteli, na friji ya kwake mwenyewe imemgandishia mti! Alikaa sakafuni akashika kichwa. Ncha za sindano zilipoyeyuka zilikuwa zimeungua, na baadaye zikakauka zikadondoka.

Alianza upya, safari hii kwa adabu. Alifunga thamostati nyingine, akaijaribu na glasi ya maji kabla ya kumweka Mgeni ndani. Akashusha baridi kidogo kidogo, wiki hii hivi, wiki ijayo vile. Akaweka bakuli la maji ili hewa isikauke. Kila siku alifungua mlango kidogo mti uvute hewa mpya. Umeme ukikatika akiwa kwa mteja, aliacha kiyoyozi cha watu kimefunguliwa tumbo, akapanda pikipiki kwenda kufunika friji kwa mablanketi, kisha akarudi kuomba radhi. Wateja wawili walimhama. Hakuwalaumu, ila mti aliulaumu.

Wageni nao hawakusaidia. Shemeji yake alikuja siku moja ya jua kali, akaenda moja kwa moja kwenye friji akitafuta soda. Alifungua, akafunga, akafungua tena.

"Hii ni nini?"

"Amelala," alisema fundi. "Funga mlango."

Pacha walitaka kujua kwa nini mti una friji kubwa kuliko ya chakula. Hilo lilikuwa swali la haki. Mama Pacha hakuuliza. Alikuwa anashona gauni la bibi harusi pale konani, uso umelowa, anainua mkono kila mara ili jasho lisidondokee kitambaa cheupe.

"Mimi ndani ya nyumba yangu nachemka," alisema, "na huyo amekaa kwenye baridi peke yake, na taa juu. Nikifa msinipeleke mbali. Niwekeni humo humo, angalau nipoe."

Fundi alitaka kucheka, akatazama uso wa mkewe, akaacha.

"Ni wa dada, Mama Pacha."

"Najua ni wa dada. Ingekuwa si wa dada ungeshaukuta jalalani." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Ila na mimi ni wa mtu."

Fundi akaenda kibandani kugongagonga kompresa ambayo haikuwa na tatizo.

Alipoona mti umelala vya kutosha, akaanza kuuamsha vile vile, kidogo kidogo, mpaka akautoa kabisa akauweka dirishani. Siku zikapita bila chochote. Alikuwa ameshaanza kujipanga atamwambiaje dada, asubuhi moja akaona kitu chini ya shina.

Karibu na udongo, shina lile lilikuwa na uvimbe kama goti. Juu ya goti gamba lilikuwa laini, la kijivu; chini ya goti lilikuwa jeusi, limepasukapasuka. Fundi alikuwa ameliona zamani akalichukulia kuwa kovu. Sasa chini ya goti hilo, kwenye gamba jeusi, palikuwa pametokeza machipukizi mawili manene yenye afya. Baada ya wiki chache yalikuwa na sindano ndefu, ngumu, za kijani kilichokolea, zinazochoma ukizigusa. Fundi alimpigia dada simu, na haikuwa hata Jumapili.

"Dada! Mgeni anachipua!"

Upande wa pili kikasikika kigelegele kilichomfanya aondoe simu sikioni. Dada alicheka, akalia kidogo, akamwita binti yake aje asikie. "Nilijua," alisema. "Nilijua wewe utamweza." Siku ile fundi alitembea mjini kifua mbele.

Lakini juu ya goti hali ilikuwa nyingine. Matawi ya juu nayo yalichipua, ila vichipukizi vyake vilikuwa vidogo, hafifu, vimepauka, vya kusikitisha. Vya chini vilikimbia, vya juu vilitambaa. Fundi akarudi kwenye simu yake kusoma, akakuta sentensi iliyoandikwa kwa herufi nzito: ondoa mapema machipukizi yanayonyonya nguvu ya mti.

Akaifikiria kifundi. Una jengo moja, laini moja ya umeme, mashine mbili. Moja inafanya kazi vizuri, nyingine ni mbovu, inavuta umeme na haitoi baridi. Ipi inanyonya? Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua. Unakata mbovu, unaiachia nzima nguvu yote. Hivyo ndivyo alivyookoa friji za watu miaka yote, na hakuna aliyewahi kumrudia akilalamika.

"Muulize dada kwanza," alisema Mama Pacha, alipomwona amechukua msumeno mdogo wa kukatia mabomba ya shaba.

"Nimuulize nini? Haoni. Nitamweleza tawi lipi, kwa mkono upi? Atapata presha bure."

"Muulize tu."

"Nataka akija akute mti una nguvu. Siyo kila wiki ubuluu, ubuluu."

Akakata. Alikata juu ya goti, sehemu yote iliyokuwa dhaifu, akapaka kidonda gundi ya kuzibia isioze. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Kusema kweli, alijisikia vizuri kuliko alivyojisikia tangu mti uingie nyumbani, kwa sababu kwa mara ya kwanza alikuwa ameufungua na kuikuta sababu.

Na mti ukamkubali. Ulikua kama umetukanwa. Jua halikuutisha, joto halikuulegeza, hata alipousahau siku nzima juu ya paa la kibanda ulirudi na uso ule ule. Fundi akaupinda kwa waya wa shaba uliotoka kwenye mota iliyokufa, akaupunguza kwa ule mkasi mdogo uliokuja nao, akausimamisha upande huu na ule mpaka ukaanza kuwa na umbo. Msimu wa kuulaza ulipofika tena, aliulaza kwenye friji kama anayefanya ibada, kisha akauamsha. Wateja waliosubiri kibandani walioneshwa. Wengine walioneshwa mara mbili.

Ndipo binti wa dada akapiga simu: mama amefanyiwa upasuaji, macho yote mawili, anaona. Wanakuja.

Walifika alasiri. Dada alishuka kwenye teksi na miwani nyeusi, akaivua mlangoni, akamshika mdogo wake mashavu akamtazama kwa muda mrefu.

"Umezeeka," alisema.

"Na wewe."

"Mimi nilizeeka nikiwa sijioni. Wewe umenishtukiza." Wakacheka. Akamkumbatia Mama Pacha, akawashangaa pacha walivyorefuka, akaishangaa friji ya soda iliyokuwa wazi na kuzimwa. Hata kabla ya kupewa maji ya kunywa akauliza, "Haya, nionesheni."

Fundi alikuwa ameuweka mti mezani, ameufunika kwa kipande cha kitambaa cha mkewe. Akakivuta. Akabaki anatabasamu.

Dada aliinama. Akauzunguka upande mmoja, akarudi upande mwingine. Akashika tawi moja kwa vidole viwili.

"Mzuri huyu," alisema. "Ana afya. Umempata wapi?"

"Dada bwana!" Fundi alicheka.

"Nakuuliza kweli. Ni mzuri." Akainuka, akatazama dirishani, akatazama juu ya kabati, akatazama tena ndani ya friji. "Na Mgeni yuko wapi?"

Kule konani Mama Pacha, aliyekuwa amerudi kwenye cherehani yake, akasimamisha mguu kwenye pedeli.

"Dada," alisema fundi. "Huyo ndiye Mgeni."

Dada alimtazama kama anayesubiri mzaha uishe. Kisha akarudi kwenye mti, akachuma sindano chache, akazitenganisha kwa kucha kwenye kiganja chake na kumwonesha.

"Hizi zinatoka mbili mbili. Unaona? Mbili, zimeshikana chini. Za Mgeni zinatoka tano tano."

Fundi alitazama. Mbili mbili. Alikuwa ameshika mti ule kila siku, ameumwagilia, ameufunga nyaya, ameusema, ameulaza na kuuamsha, na haikuwahi kumjia akilini kuhesabu. Nani anahesabu sindano za mti?

Kidole cha dada kilikuwa kimeshuka mpaka kwenye goti, kikagusa ile gundi iliyokauka juu yake, kikabaki hapo.

"Msonobari mweupe mizizi yake haina nguvu," alisema taratibu. "Kwa hiyo tangu mchanga wanaubebesha juu ya msonobari mweusi, kama wanavyobebesha michungwa juu ya milimau. Mweusi anakuwa chini, anambeba. Akichipua huyu wa chini unamkata haraka, maana atanyonya nguvu yote. Hapa juu ulifanya nini?"

"Nilikata."

"Ulikata."

"Yalikuwa dhaifu, dada. Yalikuwa hayakui."

"Ndivyo alivyo," alisema dada. "Hata kwangu alikuwa hivyo hivyo. Mwaka mzima anakua ukucha mmoja."

Binti alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Fundi alipandwa na hasira ya mtu aliyefanya kila kitu, na kila kitu kikawa ndicho kosa. Alitaka mtu amzabe kofi ili ajue jambo lile limeishia wapi.

"Nitukane basi," alisema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Nimehamisha mke wangu kwenye kona kwa ajili ya mti huu! Nimefukuza wateja! Nimekaa na blanketi gizani nabembeleza friji! Nitukane, dada, useme neno!"

"Kila Jumapili uliniambia ubuluu upo."

"Niliona upo."

"Hukuona," alisema dada, bila ukali wowote. "Asiyeona nilikuwa mimi. Wewe ulikuwa na macho."

Mama Pacha akainuka, akamshika wifi yake mkono, akamkalisha, akaleta chai. Walikunywa wakizungumza habari za upasuaji, za matone ya dawa, za nyumba ya milimani kama paa lake bado linavuja. Dada alicheka palipostahili kucheka. Kila alipogeuza uso, aliugeuza upande usiokuwa na meza, na fundi aliona hilo kila mara.

Asubuhi aliwasindikiza kituoni. Alikuwa amekesha na wazo moja tu, kwamba angalau ampe hicho kilichobaki, kwa kuwa mizizi ni ile ile, chungu ni kile kile, na lile goti lilishikwa na mikono ya yule mzee. Akauweka mti kwenye boksi, akausokotea magazeti pembeni usiyumbe. Dada alipokwisha kukaa kwenye basi, fundi akalipitisha boksi dirishani. Dada akalishika kwa mikono miwili. Akautazama mti kwa mara ya kwanza tangu jana. Kisha akalirudisha nje.

"Huyu si wangu, mdogo wangu."

"Mchukue, dada. Tafadhali. Nimfanyeje basi, nimtupe?"

"Usimtupe. Ana kosa gani? Umemlea mwenyewe tangu chipukizi, anakujua." Akamwekea mkono kichwani kupitia dirishani, kama alivyokuwa akimwekea zamani. "Mweke juani. Huyu ni mgumu, anavumilia joto. Hiyo friji iondoe, mrudishie mkeo nafasi yake."

Basi likawashwa, likaondoka. Fundi alisimama na boksi kifuani, sindano zikimchoma kidevuni, ameuma meno, macho yamemjaa machozi na hasira hazina pa kwenda. Dada alikuwa ameegemea dirisha, anatazama kila kitu kwa uchu: vibanda, mabango, watoto wa shule, nguo zilizoanikwa, mbwa aliyelala kivulini. Basi lilipokata kona bado alikuwa anatazama hivyo hivyo, na hakuligeukia boksi hata mara moja.